Gari la Harusi na Maji ya Kisima

Buigiri tunaamka kwa mlio wa mashine ya Abeli. Jogoo wanaweza kuchelewa, mashine haichelewi. Saa moja asubuhi inaanza kusaga: tuku-tuku-tuku. Wanawake wanafika na ndoo za mahindi, mtama na uwele. Wanapanga ndoo kwenye mstari, kisha wanakaa kivulini kupiga soga. Mimi pia huweka ndoo yangu. Nafundisha darasa la kisomo cha watu wazima hapa kijijini, na mwalimu naye hula ugali.

Abeli ndiye mwenye mashine. Mkewe, Zipora, ndiye anayepima madebe na kupokea hela. Binti yao, Gladness, yuko chuo cha ualimu, mwaka wa pili. Ada yake inatoka kwenye mashine. Chumvi, nguo, dawa na mchango wa kanisa, vyote vinatoka kwenye mashine. Injini yake ni ya dizeli, ya zamani, nzito. Inapozwa na maji ya pipa lililosimama pembeni yake. Maji hayo yanatoka kisimani.

Hapa lazima niseme habari ya maji. Kisima chetu kina chumvi. Ukichemsha maji yake, birika linabaki na utando mweupe, mgumu kama chokaa. Ukipikia maharage, kuni zinakwisha na maharage bado hayajaiva. Ndiyo maana Zipora ana pipa la bluu nyuma ya nyumba. Humo anaweka maji ya mvua. Ni ya chai na maharage tu. Ukiyanawia miguu, utamsikia kutoka upande wa pili wa barabara.

Mwaka jana, mwezi wa tano, Abeli alikwenda Dodoma mjini kununua mkanda wa mashine. Mkanda wa zamani ulikuwa umechakaa. Jioni alirudi bila mkanda. Alirudi na gari.

Lilikuwa gari jeusi, refu, la kifahari. Viti vyake ni vya ngozi. Vioo vinapanda na kushuka vyenyewe. Ukifunga mlango, hausikiki. Watoto walilizunguka wakijitazama kwenye rangi yake.

"Baba Gladness, hili ni la nani?" Zipora aliuliza.

"Letu."

"Letu sisi?"

"Kuna bosi mmoja wa ofisini amehamishwa. Ameliuza kwa haraka. Mama Gladness, nimelipata kwa bei ya pikipiki tatu, akiba yetu ya benki imetosha. Lilipokuwa jipya, hata nyumba hii na mashine yake visingelifikia."

"Uliita fundi alitazame?"

"Fundi wa nini? Linawaka. Nimelikalia mwenyewe. Kiti kinapoza mgongo."

"Kwani kiti ndicho injini?"

Abeli alicheka. Alikuwa na furaha mno siku ile, hakuna neno lingemwingia. Akamweleza mpango wake. Watu wanaoa kila Jumamosi, toka Chamwino hadi mjini. Wote wanataka gari jeusi la bibi harusi. Yeye atalikodisha. Gari litaleta hela, na mashine itapumzika kidogo.

"Na huyo bosi hakusema kama lina shida?"

"Hakuna shida. Alisema linataka tu maji kidogo asubuhi."

Zipora alinyamaza. Baadaye aliniambia kwamba maneno yale, maji kidogo asubuhi, yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

*

Harusi za kwanza zilikwenda vizuri. Abeli alinunua rimu za kung'aa ili gari lipendeze. Alivaa suti. Watu walianza kumwita Bosi Abeli, naye hakuwakataza.

Kila asubuhi alifungua boneti na kumimina maji kwenye rejeta. Mwanzoni ilikuwa chupa moja. Baada ya miezi miwili ikawa chupa nne. Maji aliyachota wapi? Kisimani. Siku moja alikwenda na ndoo kwenye pipa la bluu, na Zipora akamzuia.

"Hayo ni ya maharage. Gari halina ulimi. Lipe ya kisima."

Abeli hakubisha. Mashine yake ilikuwa inakunywa maji ya kisima kwa miaka kumi na miwili, na haijawahi kuugua. Kama mashine inayokula mahindi ya kijiji kizima inavumilia, gari la kubeba bibi harusi litashindwa nini?

Kisha mambo mengine yakaanza. Asubuhi moja tulilikuta gari limelala nyuma, tumbo limekaribia kugusa ardhi. Lilikuwa na shokapu za upepo, na upepo ulikuwa umetoka. Abeli alitumia hela ya dizeli ya mashine kulitengeneza. Wiki mbili baadaye gia zikaanza kuingia kwa kishindo. Hapo ikatoka hela ya mkanda wa mashine, na ule uliochakaa ukaendelea kutumika. Mshale wa joto nao ukaanza kupanda. Fundi mmoja wa kando ya barabara akatoa kidude fulani kwenye injini na kukitupa.

"Hiki ni cha nchi za baridi," alisema. "Huku kwetu hakina kazi."

Abeli akamlipa na kumshukuru.

Mashine sasa ilikuwa inasimama siku mbili kwa wiki, haina dizeli. Sisi tulibeba ndoo zetu kichwani mpaka Chamwino. Siku hizo sikumpenda Abeli, na nilimwambia hivyo.

*

Jumamosi moja ya mwezi wa nane, Abeli alikodiwa na Mzee Hamidu wa Nzuguni. Mzee Hamidu ni Mrangi wa Kondoa, mfanyabiashara wa vitunguu, mtu wa watu. Alikuwa anamwoza binti yake, Hamida. Kazi ya Abeli ilikuwa kumpeleka bibi harusi kwa mumewe, Nkuhungu, upande wa pili wa mji.

Jua lilikuwa kali. Mjini kulikuwa na foleni. Gari lilikwenda hatua tatu, likasimama, likaenda tena hatua tatu. Mshale wa joto ulipanda. Abeli aliutazama huku jasho likimtoka ndani ya suti. Mara moshi mweupe ukatoka chini ya boneti.

Abeli akazima injini papo hapo.

Mzee Hamidu alishuka kwenye gari la nyuma. "Kuna nini, Abeli?"

"Limechemka, mzee wangu."

"Basi liwashe, twende hivyohivyo. Nkuhungu si mbali. Watu wanasubiri."

"Siwezi, mzee. Likienda hivi litakufa kabisa."

"Litakufa gari, au nitakufa mimi kwa aibu?"

Abeli aliinamisha kichwa, lakini hakuwasha. Nyuma ya msafara kulikuwa na lori dogo lililobeba viti, sufuria na jiko la kupikia pilau. Hamida alipandishwa mbele ya lori hilo, na shela lake likafungiwa mlangoni. Ndivyo alivyofika kwa mumewe. Abeli alirudisha hela yote. Mzee Hamidu aliipokea bila kumtazama.

Gari lilivutwa kwa kamba mpaka Buigiri. Fundi wa kando ya barabara alikuja, akalitazama kwa dakika tano.

"Injini imekufa," alisema. "Tafuta injini nyingine."

Bei aliyoitaja ilikuwa kubwa. Kijijini kwetu ni kitu kimoja tu cha Abeli ambacho kingeweza kufikia bei hiyo. Jumatano Abeli alimpigia simu mtu wa Mvumi, jina lake Octavian, anayenunua mashine za kusaga. Octavian alisema atakuja Jumamosi na lori.

*

Zipora alipopata habari hiyo alikuwa anafagia unga. Aliweka ufagio chini. Akafunga mlango wa mashine kwa kufuli, akautia ufunguo ndani ya kilemba chake.

"Unafanya nini?" Abeli aliuliza.

"Nafunga."

"Octavian anakuja Jumamosi."

"Aje. Nitamkaribisha chai. Lakini mashine haiondoki hapa mpaka mtu anioneshe kwa macho yangu kilichokufa ndani ya gari."

"Fundi amesema injini."

"Fundi alitazama dakika tano. Mimi nikichagua mchele natumia muda mrefu kuliko huo. Baba Gladness, nilikaa kimya uliponunua. Nilikosea kukaa kimya. Leo sikai. Ada ya Gladness imo ndani ya mashine ile. Tukiiuza, anarudi nyumbani."

Abeli alikaa kwenye gunia. Ni mtu mwema, na alikuwa amechoka. "Sasa tufanye nini?"

Jioni ile Zipora alikuja darasani kwangu. Miaka mitatu iliyopita alikuwa hajui kusoma, na alijifunza akiwa amekaa benchi la mbele. Hakuja kusoma. Alikuja kuuliza.

"Mwalimu, unamjua fundi anayepima kabla ya kusema?"

Nilimjua mmoja. Anaitwa Kuluthumu. Ana gereji ndogo Nkuhungu. Alisoma chuo cha ufundi, na wavulana wa darasa lake walimcheka mpaka siku ya matokeo. Nilimwandikia Zipora namba ya simu. Aliisoma mwenyewe, tarakimu moja moja, akapiga.

*

Alhamisi asubuhi gari lilivutwa tena, safari hii mpaka Nkuhungu. Mimi pia nilikwenda. Nilitaka kuona.

Kuluthumu alitoka akiwa amevaa ovaroli ya bluu na mtandio mweusi.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama. Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba."

Hakukimbilia boneti. Alichukua kiti, akakaa, akaanza kuuliza maswali kama daktari. Limenunuliwa lini? Linachemka mlimani au kwenye foleni? Moshi ulikuwa mweupe au mweusi? Lilipochemka, lilitembea umbali gani?

"Halikutembea," Abeli alisema kwa sauti ndogo. "Nilizima hapohapo. Bibi harusi akaenda na lori la viti. Mji mzima uliniona."

Kuluthumu alimtazama. "Baba, subiri. Tutalirudia hilo."

Akagusa rejeta kwa mkono. Ilikuwa baridi. "Msifungue kamwe kofia hii injini ikiwa ya moto," alisema. "Maji yanaruka na kuunguza uso. Subirini ipoe kabisa." Akafungua. Akaingiza kidole ndani, kikatoka na tope la kahawia lenye chenga nyeupe. Akaliweka kwenye kiganja cha Zipora.

"Mama, unalijua hili?"

Zipora alilisugua kwa kidole gumba. Likakwaruza. Uso wake ukabadilika.

"Hili liko kwenye birika langu," alisema.

"Mlikuwa mnatia maji gani?"

Abeli alimtazama mkewe. Kisha Zipora akasema, "Ya kisima. Mume wangu alitaka kutia ya mvua. Mimi ndiye niliyemkataza. Nilisema ni ya maharage. Nilisema gari halina ulimi."

Alisema hivyo wazi, mbele yetu wote. Nilimheshimu zaidi siku ile.

"Lakini mashine yangu inakunywa maji hayohayo," Abeli alisema. "Miaka kumi na miwili. Mbona haifi?"

"Swali zuri, baba. Njoo." Kuluthumu akamwonesha rejeta ya zamani iliyokatwa katikati. Ndani yake kulikuwa na vijia vingi vyembamba sana. "Injini ya mashine yako ni ya chuma kizito. Njia zake za maji ni pana, unaweza kupitisha kidole. Chumvi ikiganda humo, bado maji yanapita. Hili gari njia zake ni nyembamba kama unyasi. Tena nyingi ni za aluminiamu, na chumvi inaila aluminiamu. Utando mdogo tu, njia imeziba."

"Kwa hiyo maji yalikuwa yanazunguka wapi?"

"Hayakuzunguka. Ukiwa barabarani, upepo wa mbio unasaidia kupoza. Ukiingia kwenye foleni, upepo hakuna, maji hayapiti, injini inachemka."

Abeli akatikisa kichwa polepole. Lilikuwa limemwingia.

"Na kile kidude kilichotolewa?" Zipora aliuliza. "Fundi alisema ni cha nchi za baridi."

"Ni thamostati. Ni kilango kidogo cha maji. Kinafunga na kufungua ili injini ikae kwenye joto lake, isizidi wala isipungue. Bila hicho, injini inachelewa kupata joto. Inakula mafuta mengi na inachakaa mapema. Ni cha nchi zote, mama. Aliyekitoa hakutibu ugonjwa, alificha dalili."

Kisha akafanya kazi. Alipima mgandamizo wa kila silinda kwa kipimo. Alitazama oili kama imechanganyika na maji. Alijaza upepo kwenye mfumo wa maji kwa pampu ya mkono, akasikiliza unapovujia. Ilichukua saa tatu. Zipora hakukaa. Alisimama pembeni na daftari, akiandika kila alichoambiwa kwa herufi kubwa.

Mwisho Kuluthumu alijifuta mikono.

"Injini ni nzima," alisema.

Abeli alimtazama kama hakusikia.

"Rejeta imeziba. Pampu ya maji imeliwa. Thamostati haipo. Hayo yanatengenezeka. Ila kama ungeendesha dakika tano zaidi siku ya harusi, kichwa cha injini kingepinda, na yule fundi angekuwa amesema kweli. Ulizima mbele ya watu wote, baba. Kile ulichokionea aibu ndicho kilichookoa injini."

Abeli alitazama pembeni. Nadhani alikuwa analia kidogo, lakini gereji ina vumbi, na sikumuuliza.

*

"Sasa tuzungumze la pili," Kuluthumu alisema. "Mkilitengeneza, mtaliweza?"

"Kama tumelinunua, tutaliweza," Abeli alijibu.

"Baba, gari hili lilinunuliwa likiwa jipya na mtu mwenye hela nyingi. Likazeeka, bei yake ikashuka mpaka ukaifikia wewe. Lakini bei ya spea zake haikushuka. Shokapu yake moja, bei yake ni ya gari la bosi mpaka leo. Ulinunua kwa bei ya mkulima. Unalitunza kwa bei ya bosi."

Zipora akafungua ukurasa mpya. "Nitajie kila linachohitaji kwa mwaka."

Kuluthumu akataja. Tairi nne, maana zake ni pana na ghali. Oili ya injini ya aina yake, si ya pipa lolote. Oili ya giaboksi, ambayo ikikosewa gia zinapiga kishindo. Shokapu mbili za nyuma. Bima. Ukaguzi. Petroli hawakuiandika, maana hiyo inakatwa kwenye kila harusi.

Jumla ilikuwa milioni tatu na laki mbili. Zipora aliitazama namba ile kwa muda. Yeye hela haimwingii vizuri ikiwa tarakimu. Inamwingia ikiwa madebe.

"Tunasaga debe kwa elfu mbili," alisema. "Hizi ni debe elfu moja na mia sita. Kwa siku tunasaga debe ishirini. Ni siku themanini. Siku themanini mashine inasaga, na hatujala, hatujanunua dizeli, hatujalipa ada."

"Lakini harusi zinaleta," Abeli alisema.

"Harusi moja inabakiza laki moja baada ya petroli. Kwa mwaka mzima ukijitahidi utapata ngapi?"

Abeli alifikiri. Watu wa kwetu wanaoa baada ya mavuno. Kwaresima hakuna ndoa kanisani, na Ramadhani nayo ina utulivu wake. Mwezi wa njaa hakuna anayefikiria shela. "Kumi na moja," alisema.

"Hiyo ni milioni moja na laki moja. Gari linataka milioni tatu na laki mbili. Zinazobaki nani analipa?"

Jibu lilijulikana. Mashine ilikuwa inalilisha gari, na gari halikuwa linamlisha mtu.

"Si gari baya," Kuluthumu alisema kwa upole. "Kuna mtu lina faida kwake. Mwenye harusi nyingi, mwenye fundi wake. Siku nyingine, baba, usinunue gari siku ileile uliyoliona. Nenda na fundi. Liwashwe likiwa baridi, lisubiriwe mpaka lipate joto, liingizwe kwenye foleni. Lilale usiku mmoja, muone asubuhi kama limesimama au limekaa chini. Na uliza bei ya spea kabla ya bei ya gari. Muuzaji akikwambia linataka maji kidogo asubuhi, ujue lina tundu au limeziba. Gari zima halionji maji kila asubuhi."

Abeli alisimama. Alilizunguka gari mara moja. Akapiga rimu ya mbele kwa kidole cha mguu.

"Rimu hizi zinauzika?"

"Zinauzika leo hii."

"Ziuze. Nirudishie zile za zamani, ninazo nyumbani. Nataka litengenezwe vizuri. Kila kitu. Nina safari moja ya kufanya nalo, kisha naliuza."

Rimu zilitosha rejeta, pampu na thamostati. Zipora aliongeza ya ufundi kutoka kwenye mgawo wake wa kikoba cha akina mama. Kuluthumu alisafisha mfumo mzima, akatia kulanti, yale maji ya kijani ya rejeta yenye dawa ya kuzuia kutu.

"Hata maji ya mvua peke yake hayatoshi," alimwambia Zipora. "Hayana chumvi, lakini hayana dawa. Ukikwama njiani, tia maji ya kunywa ya chupa ufike kwa fundi, kisha yabadilishwe."

Zipora aliandika hilo pia.

*

Jumamosi Octavian alifika na lori na vijana wanne wa kubeba. Alikuta mlango wa mashine uko wazi, mstari wa ndoo umefika barabarani, na Zipora amejaa unga mpaka kwenye nyusi. Abeli alitoka kumlaki.

"Samahani kwa usumbufu, ndugu yangu. Hatuuzi."

"Tulikubaliana kwenye simu."

"Tulikubaliana. Nimekosa, na nauli ya lori nitaigharamia. Lakini mashine haiuzwi."

Octavian alikasirika, na alikuwa na haki. Zipora akamletea chai kama alivyoahidi. Alikunywa vikombe viwili. Kabla ya kuondoka alisema chai ya hapa haina chumvi kama ya jirani.

Wiki mbili baadaye Abeli alivaa suti yake, akaendesha mpaka Nzuguni. Aliegesha mbele ya nyumba ya Mzee Hamidu, akabisha hodi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Mzee hakumkaribisha ndani.

"Nimesikia mwezi huu unamwoza Amina, mdogo wake Hamida. Naomba nimbebe mimi. Sitaki hata shilingi."

"Abeli, unataka binti zangu wote waende kwa waume zao na sufuria?"

"Nimekuja ulipime mwenyewe, mzee. Panda. Twende mjini sasa hivi, saa saba, foleni ikiwa mbaya. Ukiona mshale unapanda, nitaondoka na sitarudi."

Mzee Hamidu alipanda, si kwa kumwamini bali kwa udadisi. Walikwenda mpaka Nkuhungu na kurudi. Walikaa kwenye foleni muda mrefu. Mzee hakutazama barabara hata kidogo. Alitazama mshale. Mshale ulisimama katikati, haukutikisika.

"Ulifanya nini?" aliuliza walipofika.

Abeli alimweleza yote. Maji ya kisima, birika, kidude kilichotupwa. Hakuficha kitu. Mzee Hamidu alisikiliza, kisha akafungua mlango wa nyumba yake.

"Ingia ule," alisema.

Amina alifika kwa mumewe ndani ya gari jeusi, shela lake likiwa safi. Hamida alikuwepo. Alimcheka Abeli, akasema yeye bado analikumbuka lori, lilikuwa na upepo mzuri kuliko viti vya ngozi. Abeli alicheka naye, mara ya kwanza tangu siku ile ya foleni.

*

Mnunuzi alipatikana mjini. Anaitwa Castory. Ana magari sita ya harusi na mafundi wawili wa kwake. Alikuja Nkuhungu kulitazama gari kwa Kuluthumu. Zipora alimpa daftari.

Castory alisoma ukurasa wa kwanza, akakunja uso. Akasoma wa pili. Ndani mlikuwa na tarehe za kila kitu kilichobadilishwa. Mlikuwa pia na haya, kwa herufi kubwa: SHOKAPU YA NYUMA KUSHOTO INAPOTEZA UPEPO. OILI YA GIABOKSI ILIBADILISHWA LAKINI GIA YA PILI BADO INAINGIA KWA KISHINDO. LILICHEMKA MARA MOJA MWEZI WA NANE. LIKAZIMWA HAPOHAPO.

"Nani ameandika hili?"

"Mimi," Zipora alisema.

"Nimenunua magari mengi, mama. Hakuna aliyewahi kunipa karatasi ya mabaya. Kwa nini mmeyaandika?"

"Kwa sababu sisi hatukuandikiwa."

Castory alifunga daftari. Alimwita fundi wake, akalipima kila lililoandikwa, akakuta ni kweli yote. Alitoa bei nzuri. Ilikuwa pungufu kidogo ya ile waliyonunulia, na Abeli hakuomba zaidi. Alimkabidhi funguo, kadi, daftari na dumu la kulanti lililobaki.

Zipora akarudi Buigiri kwa basi na hela ya ada ya Gladness. Kwa iliyobaki waliweka mabati ya kukinga mvua juu ya chumba cha mashine na tanki kubwa. Sasa mashine nayo inakunywa maji ya mvua, ingawa Zipora anasema ya pipa la bluu bado hayaguswi.

Abeli yeye alibaki mjini siku ile ya kuuza gari. Alisema ana kitu cha kununua. Tulimsubiri wote, maana tulikuwa na ndoo zetu kwenye mstari na mashine ilikuwa imesimama, safari hii si kwa kukosa dizeli. Jua lilipokuwa linashuka tulimwona anakuja kwa miguu kutoka barabara kuu, koti la suti mkononi. Begani alikuwa amebeba mkanda mpya wa mashine.